Cherehani Kuukuu: Tununue Iliyokwisha Kutengenezwa au Tuitengeneze Wenyewe?



Somo letu safari hii linahusu swali linalokifikia karibu kila kikundi cha ushonaji siku ile pesa za mzunguko zinapotosha kununua cherehani. Mpya ni ghali. Dukani mjini kuna kuukuu zilizotengenezwa upya, zimepakwa rangi nyeusi inayong'aa, na bei yake iko katikati. Halafu huku kijijini kuna zile zilizolala: moja iko chini ya kitanda cha nyanya fulani, nyingine iko ghalani pamoja na majembe, imefunikwa gunia. Hizo mwenyewe huuza kwa bei ya kuondoa mzigo nyumbani. Je, tulipe bei ya duka, au tuchukue ile ya ghalani tuitengeneze kwa mikono yetu?

Kiongozi wa kikundi asome somo hili mapema. Mkiweza, azimeni cherehani yoyote ya miguu, hata iliyokwama, muiweke mbele yenu wakati wa kusoma. Mambo mengine hapa hayaeleweki kwa kusikia tu, lazima uyashike.

IGIZO FUPI LA KUANZIA

MWEKA HAZINA: Mama Mwenyekiti, kwa kitabu tuko na elfu ishirini na tatu na mia tano. Mimi naona kesho twende mjini tuchukue ile ya duka, tuishe na haya maneno.

MWENYEKITI: Elfu ishirini na mbili kwa chuma kizee, mama? Na yule mzee wa pale juu anauza ile ya marehemu mke wake kwa elfu saba tu!

MWEKA HAZINA: Na hiyo inashona?

MWENYEKITI: Haishoni. Lakini si ni kuitia mafuta tu?

KATIBU: (anacheka) Nyinyi wote wawili hamjui mnanunua nini.

MWEKA HAZINA: Haya, tuambie wewe mwenye kujua.

KATIBU: Mimi pia sijui. Ndiyo maana sijapiga kura.

Simamisheni igizo hapo. Waulizeni wanachama: nani kati ya hawa watatu anasema kweli? Wapeni dakika kumi wabishane. Kwa maoni yangu katibu ndiye aliye karibu zaidi na ukweli, na tutaona kwa nini.

NDANI YA BEI YA DUKA KUNA NINI?

Ukilipia cherehani iliyotengenezwa upya, unalipia vitu vitatu kwa pamoja. Kwanza ni chuma chenyewe, yaani kichwa, miguu ya chuma na meza. Pili ni kazi: kufungua, kusafisha, kubadilisha spea, kupaka rangi. Tatu ni dhamana, kwamba muuzaji ameshajua kichwa hiki ni kizima na kikikataa atakirudia yeye, si wewe.

Kazi mnaweza kuifanya wenyewe, sehemu kubwa yake. Chuma mnaweza kukipata kwa bei nafuu kuliko yeye. Ile ya tatu ndiyo ngumu. Basi mkienda dukani mkalipa bei yote, halafu muuzaji akawaambia "mali ikitoka mlangoni hairudi", mjue mmelipia vitu vitatu mkapewa viwili. Rangi nyeusi si dhamana. Mkebe mmoja wa rangi unatosha kuficha kutu, ufa, hata alama za kuchomelewa.

KWA NINI CHUMA KIZEE KINAWEZA KUFUFUKA

Hebu tuone kidogo historia, maana inasaidia katika kununua. Isaac Singer wa Marekani alipata hataza ya cherehani yake mwaka 1851. Mwenzake katika biashara, Edward Clark, aliona kwamba familia nyingi haziwezi kutoa bei yote mara moja, na mwaka 1856 wakaanza kuuza kwa malipo ya polepole. Wakaongeza jambo lingine: walipokea cherehani kuukuu kama sehemu ya malipo ya mpya, kisha wakaziharibu. Kwa nini mtu aharibu mali aliyoinunua? Kwa sababu walijua vizuri sana kwamba cherehani kuukuu ikitengenezwa itashona tena, na kila moja inayofufuka ni mpya moja isiyouzwa.

Nyingi za Singer za zamani tunazoziona huku zilitengenezwa Clydebank, Scotland, katika kiwanda kilichofungwa mwaka 1980. Kiwanda hakipo, lakini spea zipo. Sababu ni hii: ule muundo wa Singer uitwao namba 15 uliigwa na viwanda vya Japani baada ya Vita Kuu ya Pili, kisha ukaigwa China, na Butterfly nyingi za miguu zilizoko Kenya ni za ukoo huohuo. Bobini yake, nyumba ya bobini na sindano yake ni zile za kawaida ambazo kila duka la spea za cherehani linazo. Kwa hiyo kabla ya kununua kichwa chochote, toeni bobini na nyumba yake, mwende nayo hadi duka la spea muulize: hii iko? Kama iko, vizuri. Kama muuzaji wa spea anaigeuzageuza na kuitazama kama kitu cha makumbusho, rudisheni kichwa kwa mwenyewe na mumshukuru. Ziko cherehani za zamani nzuri sana zenye bobini ndefu nyembamba kama kidole cha mtoto. Ni nzuri kwa macho, lakini kikundi hakiwezi kutegemea spea ya kutafutwa miezi mitatu.

JINSI YA KUPIMA KICHWA KABLA YA KUTOA PESA

Sehemu hii isomeni polepole, maana hapa ndipo pesa inapookolewa au kupotea. Fundi cherehani akikubali kuandamana nanyi, mlipeni nauli na chakula, itarudi mara nyingi. Akikosekana, fanyeni haya.

Anzeni na ufa. Kichwa cha cherehani ni chuma cha kumimina, na chuma hicho kikipasuka kukichomelea ni kazi ngumu isiyodumu. Kigongeni taratibu kwa spana ndogo sehemu mbalimbali. Chuma kizima hulia kama kengele. Chenye ufa hutoa sauti ya chungu kilichopasuka. Tazameni sana pale kichwa kinapoungana na meza, na chini kwenye bawaba, maana hapo ndipo huvunjika kikianguka. Kama kuna ufa, msiendelee kupima mengine.

Kisha zungusheni gurudumu la mkono, juu yake likija upande wenu. Likigoma kabisa, msikate tamaa. Nyingi zinazoitwa "zimekufa" zimekwama tu. Kuna uzi uliojisokota nyuma ya ndoano, au mtu aliwahi kuitia mafuta ya kupikia, nayo yakakauka yakawa kama gundi. Likizunguka lakini sindano haisogei, tazameni ile skrubu kubwa iliyo katikati ya gurudumu: hulegezwa wakati wa kujaza bobini, na mwenyewe huenda alisahau kuikaza. Nimeona mtu akiuza cherehani nzima kama mbovu kwa sababu ya skrubu hiyo. (Mkiona hivyo kwa mjane au mzee, mwambieni ukweli kwanza, kisha ndipo mpatane bei.)

Shusheni sindano hadi chini kabisa, mshike kile chuma kinachobeba sindano na kukitikisa upande huu na huu. Kikicheza sana, matundu yake yamelika. Hapo fundi wa kawaida hana la kufanya, na karakana itataka pesa nyingi kuliko thamani ya kichwa. Hiyo pamoja na ufa ndiyo magonjwa mawili ya kukimbia.

Yaliyobaki mengi yanatibika. Meno yanayosukuma kitambaa yakiwa laini kwa kidole, yanabadilishwa. Springi ndogo ya uzi ikivunjika, inanunuliwa. Bamba la chini ya sindano likiwa na mikwaruzo kwenye tundu inayokata uzi, linalainishwa kwa msasa laini. Mkanda wa ngozi uliokatika si ugonjwa hata kidogo, wala meza iliyooza kwa mvua, maana seremala yuko.

Kama inazunguka, ishoneni. Tieni sindano mpya, si ile mliyoikuta. Upande bapa wa sindano huelekea ilipo ndoano, na uzi huingilia upande wenye mfereji mrefu. Sindano ikitiwa kinyume cherehani huruka mishono, na watu wasiojua husema "majira yake yameharibika." Ndoano ya muundo huu wa 15 haipotezi majira yake kirahisi. Mishono ikiruka, badilisheni sindano kabla ya kumwita mtu. Uzi ukijikunjakunja chini ya kitambaa, kosa mara nyingi liko juu: uzi haukupita katikati ya visahani vya kukaza. Jaribuni kitambaa chepesi mara mbili, kisha kitambaa kizito cha yunifomu kilichokunjwa mara nne. Ishoneni dakika kumi mfululizo. Kuna cherehani inayoshona vizuri dakika mbili kisha inaanza kulia.

TUPIGE HESABU

Chukueni kalamu. Bei nitakazotumia ni za mfano tu. Ninyi andikeni za kwenu mlizoziuliza wenyewe.

Tuseme ya duka ni sh. 22,000 na gari la kuileta ni sh. 1,000. Jumla sh. 23,000.

Ya ghalani ni sh. 7,000. Usafiri, pamoja na safari za kutafuta spea, sh. 1,200. Mkanda, sindano, bobini na nyumba yake, springi na mafuta, jumla sh. 1,650. Seremala wa meza sh. 1,500. Fundi siku moja ya kukagua na kurekebisha sh. 1,500. Hapo tumefika sh. 12,850, na mwenyekiti wetu wa igizo ameanza kutabasamu.

Lakini kuna mstari ambao vikundi huuruka. Wanachama wanne watafanya kazi siku tatu kuisafisha. Hizo ni siku 12. Kama kibarua cha shamba kwenu ni sh. 400 kwa siku, siku hizo ni sh. 4,800. Mtasema, "Lakini sisi hatujilipi." Ni kweli, lakini mama aliyekuja kusugua kutu hakulima siku hiyo, na nyumbani kwake wanajua. Iandikeni. Sasa jumla ni sh. 17,650. Bado kuna nafuu ya sh. 5,350.

Sasa tuseme kikundi kinataka cherehani mbili, na katika kutafuta mnakutana na kichwa kimoja kibaya kati ya vitatu. Mkigundua ubaya huo mwishoni, baada ya kusafisha, kununua spea na kumlipa fundi, mmetumia 17,650 mara tatu, yaani sh. 52,950, mkapata mbili tu zinazoshona. Kila moja imewagharimu sh. 26,475. Duka lilikuwa rahisi kuliko hapo! Mkigundua mapema, siku mnapoileta tu, hasara ni bei na usafiri, sh. 8,200. Ongezeni nzuri mbili, sh. 35,300, jumla inakuwa sh. 43,500, kila moja sh. 21,750. Nafuu imebaki sh. 1,250 tu. Na mkiugundua kwa mwenyewe, kabla ya kutoa pesa, hamjapoteza ila nauli.

Tazameni tena tarakimu hizo. Faida ya kujitengenezea haitoki kwenye kusugua kutu. Inatoka kwenye ile saa moja ya kupima kichwa ghalani kwa mzee. Kikundi chenye macho ya kupima kitapata faida, na kisicho nayo heri kinunue dukani kwa mwenye kutoa dhamana ya kweli. Na ndiyo sababu msitume pesa kwa simu kwa picha ya cherehani mliyoonyeshwa, hata picha iwe nzuri namna gani. Picha haigongwi kwa spana.

MKIAMUA KUTENGENEZA WENYEWE

Kabla ya kufungua skrubu hata moja, pigeni picha kwa simu kila upande, na pia kila hatua mnapofungua. Skrubu za cherehani haziingiliani ovyo. Wekeni kila moja kwenye kifuniko cha chupa chenye namba. Watoto na kuku wakae mbali.

Kwa kichwa kilichokwama, tumieni mafuta ya taa. Tieni matone katika kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposugua chuma, mwache usiku mzima, kisha jaribuni kuzungusha kwa upole mbele na nyuma. Isipokubali, rudieni kesho. Nyingine hukaa siku nne kabla ya kuachia. Msigonge gurudumu kwa nyundo. Chuma cha kumimina hakisamehi. Petroli msiitumie kabisa, na hata mafuta ya taa yatumike nje, mbali na jiko.

Ikishaachia, pangusieni uchafu wote, toeni uzi wa zamani nyuma ya ndoano kwa kibano, kisha tieni mafuta halisi ya cherehani. Mafuta ya kupikia hukauka na kuganda. Mafuta machafu ya gari yana masizi na unga wa chuma, ambao hulika zile sehemu mnazotaka kuziokoa. Chupa ndogo ya mafuta halisi ni bei ya soda chache. Sijui kwa nini hapo ndipo watu hubana pesa.

Ndoano yenyewe, kama ncha yake imekwaruzika, mwachieni fundi. Kazi ya ndoano ni ya kipimo kidogo kuliko macho ya wengi wetu, na mtu mmoja mwenye tupa anaweza kuimaliza kwa dakika moja.

Kupaka rangi ni hiari. Mimi binafsi nasema msipake. Siku mtakapotaka kuuza, mnunuzi aone chuma chenyewe.

MKIAMUA KWENDA DUKANI

Yako majira ambayo duka ndilo jibu. Kama shule imewapa oda ya yunifomu na inazitaka Januari shule zikifunguliwa, na sasa ni Novemba, msianze kulowesha chuma kwenye mafuta ya taa. Oda iliyochelewa ni hasara kubwa kuliko sh. 5,350, na shule hiyo haitarudi. Vilevile kama hamna fundi karibu, au kama wanachama wenye nguvu wako shambani msimu huo.

Lakini mkienda, nendeni na kitambaa chenu. Mwombeni muuzaji ashone mbele yenu kwa kichwa kilekile mtakachobeba, si kwa kile cha maonyesho. Kipande hicho kibanwe pamoja na risiti. Kwenye risiti iandikwe namba ya kichwa, ile iliyogongwa kwenye chuma, pamoja na muda wa dhamana, na nani atalipa gari kikirudishwa. Akikataa kuandika hayo, basi kile kitu cha tatu tulichosema hakimo katika bei yake. Hapo mna haki ya kumwambia apunguze, au mtoke.

Hata ile ya ghalani inataka karatasi. Andikianeni mbele ya mzee wa mtaa na mtoto mmoja mkubwa wa mwenye nyumba: nani ameuza, kwa bei gani, namba ya kichwa ni ipi. Tumesikia visa vya mzee kuuza cherehani Jumatatu, na Ijumaa binti yake akaja kutoka Nairobi akisema mama aliniachia mimi. Namba hiyohiyo iingie kwenye kumbukumbu za mkutano wa kikundi, iandikwe kuwa ni mali ya wote.

MASWALI YA KUJADILIANA

1. Katika eneo letu, ni nyumba gani zina cherehani iliyolala? Nani kati yetu anaweza kuuliza bila kumwaibisha mwenyewe?

2. Ulizeni bei za kwenu za vitu vyote vilivyotajwa, kisha rudieni hesabu. Nafuu yenu ni shilingi ngapi? Na siku za kazi za wanachama mmezihesabu kwa bei gani, na nani aliipanga?

3. Fundi wa karibu anaweza kukubali kufundisha wanachama wawili kupima kichwa, kwa malipo ya siku moja? Mwulizeni kabla ya mkutano ujao, mlete jibu lake.